Sanduku la kufundishia mawasiliano ya mwanga: kisawazishi ni kizuri, kijitabu kinasingizia kuta

Kwa muhula mzima uliopita nimefundisha mawasiliano ya mwanga ndani ya jengo, yaani kutuma data kwa kuwasha na kuzima taa kwa haraka, kwa kutumia sanduku la mafunzo ambalo chuo chetu hapa Dar es Salaam kiliagiza kutoka nje, na kwa kuwa wakufunzi wenzangu wa vyuo vingine wameniuliza mara kadhaa kama linafaa kununuliwa, nimeona niwajibu kwa maandishi. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa sababu masanduku ya aina hii yanafanana mno, na haya nitakayoyasema yatamfaa anayefikiria kununua lolote kati yao.

Ndani yake mna ubao wa kurushia wenye taa mbili, moja ya LED nyeupe na nyingine ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) ya nanomita 850, ubao wa kupokelea wenye fotodayodi ya BPW34, yaani kijenzi kinachogeuza mwanga kuwa umeme, na amplifaya yake, lenzi mbili, chujio la kioo cha buluu, stendi nne, na kifaa cha kuchukua sampuli kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB. Hakuna kilichofika kimevunjika, stendi ni imara, na programu ilikubali kufanya kazi kwenye kompyuta zetu za zamani bila usumbufu.

Programu ndiyo roho ya sanduku lote. Upande mmoja inakokotoa mfano wa chaneli, yaani wa njia ambayo mwanga unapita: unaiambia ukubwa wa chumba, mahali pa taa, mahali pa kipokezi na uwezo wa kuta kuakisi mwanga, nayo inakuchorea jinsi pigo moja fupi la mwanga litakavyofika kwenye kipokezi. Upande wa pili ina visawazishi vya aina nne, ambavyo kazi yake ni kuzirudishia biti, yaani zile 0 na 1 zinazotumwa, umbo lake baada ya njia kuzivuruga. Mwanafunzi anaweza kukokotoa, kisha kupima, kisha kulinganisha, na hilo ni jambo ambalo kwa miaka mingi tumelifundisha kwa chaki na ubao peke yake.

Hesabu ya kwanza tuliyoifanya darasani ilikuwa ya nguvu ya mwanga. Taa iliyotawanya mwanga wake kwa kanuni ya Lambert (mwingi mbele, ukipungua kuelekea pembeni), yenye nusu pembe ya nyuzi 60, yaani pembe ambapo ukali wa mwanga umebaki nusu, ikitazamana na fotodayodi yenye eneo la milimita 7.5 za mraba kwa umbali wa mita 2, hufikisha takriban sehemu 6 tu kati ya kila sehemu milioni 10 za mwanga ilioutoa. Ukisogeza kipokezi pembeni kwa mita 2 bila kukiinamisha, mraba wa umbali unaongezeka mara mbili na pembe mbili za nyuzi 45 zinapunguza kilichobaki kwa nusu, kwa hiyo unapata robo ya ulichokuwa nacho ulipokuwa chini ya taa. Tulipopima, robo hiyo ilionekana kwenye skrini kwa ukaribu ulioniridhisha kabisa. Kwa upande huu wa kukokotoa nguvu, sanduku nalipatia alama zote.

Tatizo linaanzia kwenye kijitabu cha mazoezi. Kinafungua kwa picha nzuri ya chumba chenye mishale inayogonga kuta na dari, kisha kinamweleza mwanafunzi kwamba biti zinamwagikiana kwa sababu mwanga uliogonga kuta unachelewa kufika kuliko uliokuja moja kwa moja, na kwamba kisawazishi kimewekwa ili kutibu maradhi hayo. Maradhi hayo yapo kweli, wala si ya kubuni. Gfeller na Bapst wa maabara ya IBM karibu na Zürich waliyaeleza mwaka 1979 walipopendekeza kutandaza infraredi chumbani ili vifaa viwasiliane bila waya, na mwaka 1993 Barry na wenzake wa Berkeley walionyesha namna ya kukokotoa miakisiko mingi kwa kuzigawa kuta katika vipande vidogo vidogo. Swali ni kama maradhi hayo ndiyo yanayousumbua mfumo uliomo ndani ya sanduku hili, na jibu langu, baada ya wiki kumi na mbili za kupima, ni kwamba siyo.

Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Mwanga husafiri sentimita 30 kwa kila nanosekunde. Katika maabara yetu taa iko mita 2.1 juu ya meza, kwa hiyo mwanga wa moja kwa moja unafika baada ya nanosekunde 7. Ukuta ulio karibu uko mita 2 kutoka mezani, na mwanga unaougonga katikati ya kimo kisha ukashuka mezani unasafiri takriban mita 4.5, yaani nanosekunde 15. Tofauti ni nanosekunde 8. Sasa, kasi ya juu kabisa ya sanduku hili ni megabiti 10 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo biti moja inachukua nanosekunde 100. Mwangwi unaochelewa kwa nanosekunde 8, tena ukiwa umedhoofika kwa kugonga ukuta, hauwezi kuivuruga biti ya nanosekunde 100. Zaidi ya hapo, kifaa cha kuchukua sampuli kinasoma mara moja kila nanosekunde 10, kwa hiyo hata mwangwi huo ungekuwa na nguvu kiasi gani, macho ya sanduku lenyewe hayana uwezo wa kuutenganisha na mwanga wa kwanza.

Kwa nini basi mchoro wa jicho, yaani picha ya biti nyingi zilizochorwa moja juu ya nyingine, ambayo huwa wazi katikati kama jicho biti zikisomeka vizuri, ulikuwa umefumba? Hili ndilo lililotuchukulia wiki mbili, na ndilo lililonifanya nilipende sanduku hili kuliko nilivyotarajia. Tulirusha biti kwa taa nyeupe, megabiti 10 kwa sekunde, na kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, kila pigo lilipanda polepole na kushuka na mkia mrefu uliovuka mpaka wa biti inayofuata. Nilimtuma kijana mmoja sokoni akaleta mita kumi za kitambaa cheusi kizito, tukakitundika ukutani kuanzia darini hadi sakafuni, kisha tukaifunika meza pia. Kama kuta ndizo zenye hatia, mkia ungepungua. Darasa zima lilisogea kwenye osiloskopu, na binti mmoja aliyekuwa amekaa mbele akasema, "Mwalimu, mbona mkia uko palepale?" Ulikuwa palepale. Nikawaambia wazime taa nyeupe na kuwasha ile ya infraredi bila kugusa kitu kingine chochote, na mkia ukakatika mara moja, kingo za mapigo zikasimama wima.

Mhusika, basi, ni taa yenyewe. LED nyeupe ya kawaida ndani yake ni chipu ya buluu iliyofunikwa na unga wa njano uitwao fosfa. Sehemu ya buluu inapita, sehemu nyingine inamezwa na unga na kutolewa upya ikiwa njano, na macho yetu yakichanganya hizo mbili yanaona weupe. Buluu hufuata umeme kwa haraka, lakini fosfa huendelea kung'aa baada ya chipu kuzimwa, na kwa sababu hiyo upana wa masafa wa taa nyeupe nzima, yaani kasi ya mabadiliko ambayo taa inaweza kuifuata, huwa ni megahezi chache tu. Kwa taa yenye megahezi 2.5, pigo huchukua takriban nanosekunde 140 kupanda kutoka chini hadi juu. Linganisha nanosekunde 140 za taa na nanosekunde 8 za ukuta, na utaelewa kwa nini kitambaa cheusi hakikusaidia kitu.

Chujio la buluu lililomo sandukuni limewekwa kwa ajili ya jambo hili hasa, maana linazuia njano ya polepole na kuiachia buluu ya haraka, na kijitabu kinalitaja katika mistari miwili pekee, mwishoni kabisa, kana kwamba ni pambo. Kwa maoni yangu zoezi la chujio lilistahili kuwa la kwanza. Ukiliweka mbele ya fotodayodi jicho linafunguka, lakini kimo cha mawimbi kinashuka sana, na hapa kuna kasoro nyingine ya mtengenezaji ambayo mnunuzi anapaswa kuijua. BPW34 ya kawaida hupokea vizuri zaidi karibu na nanomita 900, kwenye infraredi, na uwezo wake kwenye buluu ya nanomita 450 ni mdogo. Lipo toleo lake lenye umbo lilelile, BPW34B, lililoboreshwa kwa ajili ya buluu, na kama lingewekwa hilo, zoezi la chujio lingefanikiwa bila kulazimika kusogeza kipokezi hadi mita moja kutoka kwenye taa kama tulivyofanya sisi.

Kuna pia swichi ndogo kwenye ubao wa kupokelea inayochagua kama fotodayodi ipewe volti za kinyume au isipewe. Iwashe. Bila volti hizo kapasitansi ya BPW34, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ambao huichelewesha, ni kama pikofaradi 70, na kwa volti 3 inashuka hadi kama 25, jambo ambalo linaipa amplifaya nafasi ya kufuata mapigo ya haraka. Sanduku letu lilifika swichi ikiwa imezimwa, na kundi la kwanza la wanafunzi lilipoteza saa mbili kabla ya kugundua.

Visawazishi vyenyewe ni kazi nzuri, na nasema hivyo kwa dhati kabisa. Cha kwanza hugeuza tu kile ambacho njia imekifanya: palipopunguzwa kinaongeza, na kwa kuwa masafa ya juu ndiyo yaliyopunguzwa zaidi na taa, kinaongeza hapo pamoja na kelele zote zilizopo, kwa hiyo jicho linafunguka huku limejaa ukungu. Cha pili hupima kati ya kunyoosha umbo na kukuza kelele, na hukubali kuacha mkia kidogo ili kelele isizidi. Programu inaviweka viwili hivi ubavu kwa ubavu, na ukisogeza kipokezi mbali hatua kwa hatua unaona kwa macho yako cha kwanza kikianza kushindwa wakati cha pili bado kinasoma. Nimewahi kulieleza jambo hili kwa milinganyo kwa muda wa saa nzima bila kueleweka. Hapa lilieleweka kwa dakika kumi.

Cha tatu hujifunza chenyewe. Kirushaji kinatuma mfuatano wa biti unaojulikana, kipokezi kinalinganisha kilichopokewa na kilichotarajiwa, kisha kinarekebisha vizidishi vyake (namba ambazo sampuli zinazidishwa nazo) kidogo kidogo mpaka kosa lipungue. Ukubwa wa kila hatua ya marekebisho unachaguliwa na mtumiaji, na thamani iliyowekwa kiwandani ni kubwa mno kwa maabara yenye mwanga mwingine: mara tu mtu alipowasha taa za darini, vizidishi vilianza kuyumba na kisha vikapaa kabisa. Tuliigawa kwa tano na kikatulia, ingawa kilichukua muda zaidi kujifunza. Cha nne hutumia biti zilizokwisha kuamuliwa kuondoa mkia wake kwenye biti inayofuata, na kwa maradhi ya fosfa, ambayo ni mkia mtupu, ndicho kilichofaa kuliko vyote. Udhaifu wake ni kwamba kikikosea biti moja kinaweza kubeba kosa hilo hadi biti mbili tatu zinazofuata, na programu ina dirisha linaloonyesha makosa yakifuatana kwa mafungu. Dirisha hilo pekee nalithamini kuliko nusu ya vifaa vingine vyote.

Mwaka 2009 watafiti wa Oxford waliripoti megabiti 100 kwa sekunde kwa LED nyeupe moja, wakitumia chujio la buluu pamoja na usawazishaji mwepesi upande wa kipokezi, bila mpangilio mgumu wa biti. Ninalitaja kwa sababu ni njia ileile ya sanduku hili, chujio kwanza na kisawazishi baadaye, na mwanafunzi akijua hilo anaelewa kwamba anachokifanya mezani ni toleo dogo la kazi ya kweli.

Upande wa mfano wa chumba una njia tatu. Ya kwanza huhesabu mwanga wa moja kwa moja na mwakisiko mmoja, na ni ya haraka. Ya pili ni ile ya vipande vidogo. Maabara yetu ina urefu wa mita 6, upana wa mita 5 na kimo cha mita 3, yaani mita 126 za mraba za kuta, dari na sakafu. Ukizikata katika vipande vya sentimita 10 unapata vipande 12,600, na kwa mwakisiko wa pili peke yake kuna takriban jozi milioni 159 za kukokotoa. Kompyuta zetu ziliichukua kazi hiyo kwa muda wa chai ya saa nne. Ya tatu ni mfano wa mwanga unaogonga dari, waliouweka Carruthers na Kahn mwaka 1997, ambao chumba kizima unakifupisha katika namba moja inayotokana na kimo cha dari. Kwa dari iliyo mita 2.1 juu ya meza, namba hiyo inatoa mtawanyiko wa ucheleweshaji, yaani jinsi nyakati za kufika kwa mwanga zinavyoachana, wa takriban nanosekunde 1.3, na hii ilikuwa hoja yangu ya mwisho dhidi ya kijitabu: mtawanyiko ukiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya muda wa biti, kuta hazihitaji kusawazishiwa, na hapa tuko mbali sana na kiwango hicho.

Kasoro ya mifano hii ni rangi. Programu inakubali namba moja ya uakisi kwa kila ukuta, na imewekewa 0.8, ambayo ni ya plasta nyeupe. Sasa yeyote aliyesoma katika madarasa yetu anajua kuta zake zilivyo: juu nyeupe, na chini, kutoka sakafuni hadi kiunoni, rangi ya mafuta ya kijivu au ya kahawia ili uchafu wa mikono na viti usionekane. Meza iko kwenye kimo kilekile ambapo rangi hizo mbili zinakutana. Tulipoelekeza taa na kipokezi vyote darini, ambayo ni jipsamu nyeupe, hesabu na kipimo vilikaribiana. Tulipoielekeza taa ukutani, mwanga uliofika ulikuwa pungufu sana kuliko ulivyokokotolewa. Tulijisaidia kwa kukadiria wastani wa rangi mbili kulingana na eneo la kila moja, na matokeo yakawa ya kuridhisha, lakini mtengenezaji angeweza kuruhusu ukuta ugawanywe katika mikanda. Hilo ni badiliko dogo kwake, na kwa shule za ukanda huu lina maana kubwa.

Mwanga wa jua ni suala ambalo kijitabu hakikuligusa kabisa. Maabara yetu ina madirisha ya vioo upande wa magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri amplifaya ilikuwa inajaa mpaka haisomi chochote, hata taa ikiwa karibu. Pazia zito lilimaliza tatizo. Taa za darini nazo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, na kipokezi kina chujio la kuondoa masafa hayo ya chini. Gharama yake ni kwamba biti nyingi za aina moja zikifuatana, kimo cha mawimbi kinaanza kuteleza. Chagua mpangilio wa Manchester kwenye menyu, ambao hubadilisha hali katikati ya kila biti, na utelezi unaisha, ingawa unalipa kwa kutumia upana wa masafa maradufu.

Kwa chuo chenye osiloskopu nzuri na fundi wa kulehemu, sehemu za elektroniki za sanduku hili zinaweza kukusanywa kwa bei ndogo zaidi, na nisingemshauri anunue kwa ajili ya mbao na taa peke yake. Thamani iko kwenye programu, hasa visawazishi na lile dirisha la makosa. Asiye na osiloskopu ajue kwamba sampuli za kila nanosekunde 10 zinatosha kuuona mkia wa fosfa lakini hazitoshi kumfundisha mtu kuhusu miakisiko ya kuta kwa vipimo; sehemu hiyo itabaki ya kukokotoa. Na asinunue akidhani kwamba anapata mtandao wa Li-Fi (mtandao wa kompyuta unaotumia mwanga badala ya redio) wa kuunganishia ofisi: kiwango cha IEEE 802.11bb, kilichopitishwa mwaka 2023, kina vifaa vyake, na hili ni sanduku la kufundishia.

Kijitabu nimekiandika upya kwa Kiswahili, kurasa kumi na nane, nikianza na fosfa, kisha chujio, kisha visawazishi, na kuta nikaziweka mwishoni kwa kasi ambazo zitazihitaji. Kitambaa cheusi tunakihifadhi ndani ya sanduku lilelile, kimekunjwa chini ya lenzi, na kimeandikwa kwenye orodha ya vifaa vya zoezi la kwanza.